Kubana besi ya mjomba

Semista imeanza, mihadhara imeanza kubana, na mimi nimerudi Dar nikiwa na vumbi la Newala kwenye begi na kilo mbili za korosho ambazo wenzangu wa hosteli walizimaliza siku hiyo hiyo. Hawa watu hawana huruma.

Leo sitaandika habari za kantini. Leo naandika kuhusu kompresa. Na kabla hujaanza kunicheka, siyo ile ya kujazia upepo matairi, wala ile ya nyuma ya friji. Mjomba wangu naye alidhani hivyo hivyo nilipoitaja mara ya kwanza. Akaniuliza, "Mjomba, sasa besi inataka upepo?" Hapana. Hii ni kompresa ya sauti.

Wale mnaosoma hapa Kijitonyama, kwenye ndaki yetu ya TEHAMA, mnalijua jambo hili kwa upande wa simu. Simu za kidijitali tangu mwaka 1972 zina kanuni inayoitwa G.711: sauti yako inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kabla ya kusafiri inabanwa ili sauti ndogo zisipotee kwenye kelele. Ikifika upande wa pili inaachiliwa, inarudi ilivyokuwa. Mhadhiri akieleza hapo darasa zima linaitikia kwa vichwa. Mimi kichwani nilikuwa na swali lingine kabisa. Kwenye muziki tunabana halafu hakuna anayeachilia upande wa pili. Kilichobanwa kimebanwa. Sasa nani ana haki ya kukubana?

Swali hilo limenitoa Newala. Twende taratibu.

MJOMBA NA BESI

Mjomba wangu anapiga gitaa la besi. Amepiga toka mimi sijazaliwa, kwenye bendi za Masasi na Newala, nyingine zimekufa na nyingine zimebadilisha majina mara tatu. Hajawahi kupiga Dar. Alichojua kuhusu Msondo na Sikinde alikipata redioni kama watu wengine wote, akikaa karibu na spika na besi mapajani, akitafuta noti moja moja. Nyimbo zile za Redio Tanzania bendi ilikuwa inaingia studio na kupiga kwa pamoja, kwa hiyo mizani ya sauti ilikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Ukizidisha, umeharibu kwa wote. Mjomba alijifunzia hapo, pamoja na kwenye ngoma za nyumbani ambako ngoma inaokwa kwenye moto wa nyasi mpaka ngozi ikaze, na mpigaji anajua mwenyewe lini anyamaze.

Kwa wasiojua kwetu: Masasi iko chini, mji wenye vilima vya mawe vinavyosimama kama vimewekwa tu pale. Newala iko juu, kwenye ukingo wa nyanda za juu za Wamakonde, upepo kila saa, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka Msumbiji. Na kwetu Wamakonde mjomba siyo ndugu wa pembeni. Ukoo unafuata kwa mama. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwa huyu mzee, na sehemu kubwa ilitoka kwenye hizo nyuzi nne. Kwa hiyo ninapoandika habari za desibeli humu, mjue ninaandika habari za mtu.

Mwaka 2023 mjomba alipata kiharusi. Chepesi, ndivyo tulivyoambiwa. Mkono wa kulia ulilala, halafu ukarudi polepole. Kidole cha shahada kilirudi vizuri. Cha kati kilirudi nusu.

Anayepiga besi kwa vidole huwa anavipishanisha hivi viwili kama mtu anayetembea: shahada, kati, shahada, kati. Besi ya mjomba ikaanza kuchechemea. DUM-du-DUM-du. Kwenye wimbo wa polepole husikii sana. Lakini dansi likifika kwenye chemko, pale ambapo waimbaji wananyamaza na magitaa yanawaka, hapo ndipo kila mtu anasikia.

Vijana wa bendi wakaanza kunong'ona. Kinanda kinaweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto, walisema, kwa nini tubebe watu wawili kwa kazi ya mmoja? Na hili siyo la kiburi tu. Kwetu hela ina majira. Minada ya korosho huanza kwenye Oktoba hivi, na bendi ikilala kwenye miezi ya korosho, imelala mwaka mzima. Kwa hiyo likizo hii nilipofika nyumbani, kikao kilikuwa kimeshafanyika bila mjomba kuwepo: harusi mbili za Septemba zitaamua. Akimudu, anaingia msimu. Asipomudu, apumzike.

Neno "apumzike" ukimwambia mpiga muziki ni neno baya sana jamani.

TUPIME KWANZA

Mimi nilifanya kile nilichofundishwa: nikapima. Nikachomeka besi kwenye laptopu, mjomba akapiga noti moja kwa dakika mbili. Kwenye programu ya kurekodi, sifuri ni paa. Ukigonga paa sauti inakwaruza. Kidole cha shahada kilifika desibeli 10 chini ya paa. Cha kati kilifika 19 chini ya paa. Tofauti ni desibeli 9, na hiyo ni tofauti ambayo hata asiyejua muziki anaisikia.

Halafu nikamwambia apige ule mnyuko wake. Mjomba ana mnyuko mmoja mkali anaoutoa kabla ya bendi kubadilika, noti moja nzito kama mlango unafungwa. Mpiga dramu anauelewa, wacheza wanauelewa, hakuna anayehesabu. Huo ulifika desibeli 4 chini ya paa.

Shikeni namba hizo tatu: 4, 10, 19.

Sasa kompresa ina vifundo vitano hivi vya maana. Cha kwanza ni kizingiti: sauti ikivuka hapo inashikwa, ikiwa chini inapita zake. Cha pili ni uwiano. Ukiweka tatu kwa moja, maana yake kila desibeli 3 zinazozidi juu ya kizingiti, inatoka 1 tu. Cha tatu ni muda wa kushika, yaani kompresa inachelewa kiasi gani kabla ya kuanza kubana. Cha nne ni muda wa kuachia. Cha tano ni kunyanyua: ukishabana, jumla ya sauti imeshuka, kwa hiyo unaipandisha yote.

Tufanye hesabu, haina ugumu. Weka kizingiti 22 chini ya paa, uwiano tatu kwa moja. Shahada imezidi kwa 12, inatoka na 4, inakuwa 18 chini ya paa. Cha kati kimezidi kwa 3, kinatoka na 1, kinakuwa 21 chini ya paa. Tofauti ilikuwa 9, imebaki 3! Mnyuko umezidi kwa 18, unatoka na 6, unakuwa 16 chini ya paa. Kwa hiyo bado umesimama juu ya noti za kawaida kwa desibeli 2. Kidogo, lakini upo.

Nilipomwonyesha mjomba karatasi akaitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe hii ni fimbo ya kutembelea."

HARUSI YA KWANZA

Kwenye harusi ya kwanza sikuwa kwenye mitambo. Mitambo ilikodiwa pamoja na fundi wake, na mwenye vyombo ndiye mwenye neno. Sitamtaja, na sitaki kumsema vibaya, maana alikuwa na hofu ya kweli: spika ni zake, na besi ikilipuka ghafla inaweza kuchana spika. Kwa hiyo akaweka uwiano nane kwa moja, na muda wa kuachia akauacha mrefu karibu sekunde nzima. Kwa kulinda spika, sawa. Kwa mkono wa mjomba, ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na kompresa kabisa.

Sababu ni hii, na hapa naomba mnisikilize vizuri wote mnaopiga makanisani na kwenye harusi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukipiga noti mbili kwa kila pigo, kati ya noti na noti kuna milisekunde 250 tu. Shahada inapiga, kompresa inabana desibeli 10 na nusu. Baada ya robo sekunde kidole cha kati kinapiga, lakini kompresa bado haijaachia! Inambana mnyonge kwa nguvu ile ile iliyomstahili mwenye nguvu. Matokeo yake tofauti ya desibeli 9 ikabaki karibu vile vile, na noti za kidole cha kati zikazama kabisa.

Halafu mnyuko. Kwa nane kwa moja, zile desibeli 18 zilizozidi zinatoka 2 na robo. Shahada ya kawaida inatoka 1 na nusu. Kwa hiyo mnyuko wa mjomba ulikuwa juu ya noti ya kawaida kwa robo tatu ya desibeli. Hiyo hakuna sikio la ukumbini linaloisikia. Mjomba akanyuka, mpiga dramu hakugeuka. Akanyuka tena. Solo ikaenda upande wake, dramu ikabaki nyuma, na kwa sekunde kama kumi bendi nzima ilikuwa inatafutana mbele ya bibi harusi.

Watu wakasema, "Mzee kaisha."

Nilikuwa nimesimama pembeni karibu na jenereta. Nilisikia walivyosema. Na mjomba alisikia pia, sababu alipomaliza alikunja waya wake polepole sana, mikunjo midogo midogo, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa waya.

Usiku ule nilimhadithia habari za James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya sitini. Jamerson alikuwa anapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kimoja! Mjomba hakuamini. Kesho yake asubuhi nikamkuta barazani anajaribu. Nyimbo za polepole alizimudu. Kwenye chemko mkono ulikuwa unachoka baada ya dakika mbili, na chemko la harusi ya Newala haliishi dakika mbili, mnalijua. Akaniambia, "Huyo Jamerson hakuwa na kiharusi, mjomba. Turudi kwenye fimbo yako."

HARUSI YA PILI

Harusi ya pili nilimwomba mwenyekiti wa bendi anipe mitambo kwa upande wa besi peke yake. Akakubali kwa masharti kwamba spika zikichanika ninalipa. Mimi mwanafunzi nilipe nini? Nikakubali.

Nilichofanya nitakieleza hatua kwa hatua, labda kuna mwenye mjomba kama wangu.

Kwanza, muda wa kuachia nikaushusha mpaka milisekunde 120, ili kompresa iwe imeshaachia kabla kidole cha kati hakijafika. Hiki ndicho kilikuwa kiini cha tatizo lote.

Pili, muda wa kushika nikauweka milisekunde 30. Uzi wa chini wa besi, ile E, unatikisika mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko mmoja unachukua milisekunde 24. Ukiweka kompresa ishike kwa milisekunde 1 inaanza kukimbizana na mtikisiko wenyewe na sauti inakwaruza. Ukiichelewesha, mlio wa kidole kugusa uzi unapita salama, na huo ndio unaomfanya msikilizaji ajue noti imeanza.

Tatu, uwiano tatu kwa moja, siyo nane. Ulinzi wa spika nikauacha kwa kibanio kingine cha mwisho kabisa, kilichowekwa juu sana, ambacho hakigusi chochote isipokuwa kitu kikianguka au mtu akichomoa jeki bila kuzima.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda, sikumpa mjomba kompresa peke yake. DI boksi huwa ina tundu la pili la kutolea. Moja nikalipeleka kwenye chaneli bila kompresa, kavu. Lingine likapita kwenye kompresa, nikalinyanyua desibeli 6, likaja kwenye chaneli ya jirani. Kavu nikaiweka chini kidogo, iliyobanwa juu. Ukichanganya hivi, kidole dhaifu kinanyanyuliwa kutoka chini na ile iliyobanwa, lakini mnyuko unatokea juu kupitia ile kavu. Kwa hesabu zangu tofauti ya vidole ikawa kama desibeli 5, na mnyuko ukarudi karibu desibeli 4 juu ya noti za kawaida. Angalizo: kama chaneli moja imegeuzwa, hizo mbili zinafutana na besi inapotea yote. Bonyeza kile kitufe cha kugeuza, sikiliza upande wenye mzito zaidi, uache hapo.

Tano, mvumo. Kunyanyua desibeli 6 maana yake unanyanyua na takataka zote. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye besi ni 49. Yaani mvumo wa umeme ni kama mpiga besi mwingine aliyekwama kwenye G usiku kucha! DI boksi ina kitufe cha kukata ardhi ya waya wa sauti, hicho bonyeza. Lakini usikate kamwe waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Watu wanakufa kwa hilo.

Chemko lilipofika nilikuwa nimeshika vifundo kwa mikono miwili. Mjomba akanyuka. Mpiga dramu akageuka kama amevutwa na kamba. Ukumbi mzima ukabadilika kwa pamoja, wakina mama wakashuka chini na sindimba lao, bati la ukumbi likatetemeka, na mimi nikaangalia ile taa ya kompresa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, inapumua na mkono wa mzee.

Besi bado ilichechemea kidogo. Desibeli 5 siyo sifuri. Lakini ilichechemea kama mtu anayetembea, siyo kama mtu anayeanguka.

Hakuna aliyesema "kaisha".

STUDIO MASASI

Sasa nilidhani hadithi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza.

Katikati ya Oktoba bendi ikashuka Masasi kurekodi nyimbo nne. Studio yenyewe ni chumba kimoja, magodoro ukutani, trei za mayai darini (trei za mayai kwa besi hazisaidii kitu, mawimbi ya besi ni marefu mita nyingi, yanapita tu kama hayajaona kitu). Lakini kompyuta ilikuwa nzuri na kijana mwenye studio ana sikio.

Studio ina raha yake. Huna haja ya kubana wakati wa kurekodi. Unarekodi besi kavu, unaiweka akiba, halafu unabana baadaye kwa programu, ukikosa unarudi nyuma. Tena unaweza kufanya kitu ambacho jukwaani hakiwezekani: unachukua kila noti ya kidole cha kati, moja moja, na kuinyanyua kwa panya desibeli 9. Hapo hata kompresa huhitaji. Kijana wa studio alifanya hivyo kwenye wimbo mmoja kwa nusu saa, kisha akaweka programu inayoiga LA-2A, ile kompresa ya Marekani ya miaka ya sitini inayotumia taa na kihisi cha mwanga, ambayo huachia nusu haraka na nusu iliyobaki polepole. Ikawa besi laini, imenyooka kama barabara ya lami. Bendi ikapiga makofi.

Mjomba akavua hedifoni. Akauliza, "Huyu nani anapiga?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akaniita nje, tukakaa chini ya mwembe. Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyashika, sababu nimeyafikiria kila siku toka hapo.

"Mjomba, kwenye harusi nibane. Watu wamelipa wacheze, siyo waje kuniuguza. Pale fimbo ni halali. Lakini hii kitakaa. Mimi nikishakwenda, wajukuu watasikiliza wamsikie babu yao. Sasa mnawapa mtu mwingine?"

Nikamwambia watu wote wanabana studio, hata wazima. Ndivyo inavyofanyika dunia nzima.

"Wazima wana mikono mingine mingi imeshabaki kwenye nyimbo. Mimi sina hata wimbo mmoja uliorekodiwa. Huu ndio wa kwanza."

Hapo nilinyamaza. Miaka yote hiyo ya muziki na alikuwa anasema kweli. Bendi zake zote zilipiga na upepo wa Newala ukachukua.

Lakini na mimi nilikuwa na hoja, na sikuiacha. Nikatoa simu. Nikamwekea ile besi yake kavu kabisa, isiyoguswa, kwenye spika ya simu. Kimya. Yaani unasikia kinanda, gitaa, sauti, besi hakuna. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa mitikisiko 41 kwa sekunde hata ukiiomba kwa magoti. Unachosikia kwenye simu ni vile vilio vya juu vya noti hiyo hiyo, 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ndio unajaza ile ya chini. Kama vilio hivyo ni dhaifu, ubongo hauna cha kujazia. Nikamwambia, "Wajukuu watasikilizia kwenye simu, mjomba. Ukiikataa kompresa yote hawatamsikia babu wala mtu mwingine."

Akachukua simu, akaiweka sikioni kama anapigiwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi nibane kiasi cha kusikika," akasema. "Siyo kiasi cha kupona."

Tukarudi ndani. Noti zote zilizonyanyuliwa kwa panya zikarudishwa zilivyokuwa. Tukaweka uwiano mbili kwa moja, kizingiti kikabaki 22. Shahada imezidi 12, inatoka 6. Cha kati kimezidi 3, kinatoka 1 na nusu. Tofauti ikabaki desibeli 4 na nusu, nusu ya ile ya kweli. Tukaongeza ukwaruzo kidogo sana ili vile vilio vya juu vitokeze kwenye simu. Unasikia besi, na ukisikiliza vizuri unasikia inachechemea.

Wenzake wawili hawakufurahi. Mmoja alisema waziwazi kwamba tunaharibu kazi ya watu sita kwa ajili ya heshima ya mmoja. Na kwa kweli siwezi kusema hana hoja. Wimbo ni wa wote. Mwenyekiti aliamua hivi: nyimbo mbili za kuchezesha zitumie besi iliyonyooshwa, nyimbo mbili za polepole zibaki na mkono wa mzee. Mjomba alikubali kwa kutikisa kichwa. Mimi bado sijajua kama ni haki au ni suluhu tu. Ninyi mnaonaje?

Nimejiuliza sana kuhusu lile swali la darasani. Kwenye simu, anayebana na anayeachilia wamekubaliana kabla, kuna kanuni imeandikwa. Kwenye muziki hakuna kanuni. Kinachobaki ni kumuuliza mwenye mkono. Nimeona mafundi wengi wanajua kizingiti na uwiano kwa moyo, lakini hawajawahi kumuuliza mpigaji anataka kubaki na nini. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na mafundi tumeishika hiyo tu. Hakuna aliyetuachia methali kuhusu ngoma iliyozuiwa kulia.

Msimu umeanza, na mjomba yumo. Sijui kwa muda gani, lakini yumo.

Kitu kimoja cha mwisho. Kila Jumapili binamu yangu anamrekodi mjomba dakika mbili, noti ile ile moja, anaitia kwenye laptopu na kunitumia kwa WhatsApp kama faili, siyo kama ujumbe wa sauti, maana simu nyingi zinajirekebishia sauti zenyewe na kuniharibia vipimo. Mjomba anafinya mpira wa tenisi asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Jumapili ya kwanza tofauti ilikuwa 9. Ikakaa 9 wiki tatu. Jumapili iliyopita nilipima mara mbili nikidhani nimesoma vibaya.

Ni 7.

Leo usiku, nikimaliza zoezi la kesho, nitamwandikia binamu ashushe uwiano kidogo kwenye harusi ya Jumamosi.

Msome vizuri, msikeshe sana. Tuko pamoja.